Mikono Safi Kazini, Meza Safi Nyumbani

SOMO LA JUMA HILI

Andiko la msingi: 1 Samweli 12:1-5. Soma pia 1 Samweli 7:15-17 na 8:1-3, Nehemia 5:14-19, na Mithali 20:7.

Wazo kuu: Mtumishi wa umma anayemcha Mungu hupimwa kwenye meza mbili, ya ofisi na ya nyumbani. Watoto wake hawawezi kushika uaminifu ambao hawakuonyeshwa.

Utangulizi



Hebu tuanze na mzee mmoja anayestaafu. Katika 1 Samweli 12 tunamkuta Samweli akiwa na mvi kichwani. Amewaamua Israeli miaka mingi, mfalme sasa amepatikana, naye anakabidhi kazi. Wengi wetu tumehudhuria sherehe za kuwaaga wastaafu. Kunakuwa na soda, hotuba ndefu, blanketi au saa ya ukutani, na kila anayesimama anamsifu anayeondoka. Samweli hakungoja kusifiwa. Alisimama mbele ya taifa zima akaomba ashtakiwe! Aliuliza kama yupo mtu ambaye alimchukulia ng'ombe wake au punda wake. Aliuliza kama alimdhulumu mtu, kama alimwonea mtu, kama alipokea rushwa mkononi mwa mtu ili afumbe macho. Kama yupo, aseme, naye atamrudishia. Watu wakajibu kwamba hakuna.

Kumbuka, mpendwa, hao ndio watu waliokuwa wamemwambia usoni kwamba amezeeka na kwamba wanataka mfalme. Hawakuwa na sababu ya kumpendelea. Hata hivyo hawakupata neno juu yake.

Lakini sasa rudi nyuma sura nne tu. Katika 1 Samweli 8:1-3 tunawaona wanawe wawili, Yoeli na Abiya, ambao alikuwa amewaweka wawe waamuzi kule Beer-sheba. Biblia inasema hawakuenenda katika njia za baba yao. Walifuata faida, wakala rushwa, wakapotosha hukumu. Baba mikono safi, wana mikono michafu, na wote wametoka nyumba moja.

Hapo ndipo somo letu lilipo. Inawezekana mtu akawa safi ofisini kwa miaka yote, na usafi huo usivuke kizingiti cha mlango wake. Basi huvukaje?

Mnajua kwamba hivi karibuni tulimzika baba yangu. Mlikuja matangani, mkapika, mkaimba, mkachanga, na Mungu hatasahau. Wasifu wake mliusikia siku ile, kwa hiyo sitaurudia. Wachungaji wameniomba nichukue yale niliyoyaona kwake, mimi binti yake wa pili, niyaweke kando ya Neno ili sote tujifunze. Baba alikuwa mtumishi wa serikali kwa miaka 33. Aliajiriwa mwaka wa 1971 akiwa karani, akastaafu mwaka wa 2004 akiwa na umri wa miaka 55, maana umri wa kustaafu ulikuwa bado haujaongezwa kufika 60, jambo lililofanyika mwaka wa 2009. Hakuwa mkubwa. Gari lenye bendera aliliona likipita tu kama sisi wengine. Alikuwa mtu wa daftari, wa stoo na wa vocha. Nafikiri hiyo ndiyo sababu maisha yake yanatufaa, kwa kuwa wengi wetu hapa kanisani ni watu wa ngazi hiyo.

1. Mbuzi na wakili

Kila mtu aliyefanya kazi ya serikali katika nchi hii amewahi kuambiwa kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Huambiwa kwa kicheko, na mara nyingi na mtu anayemtakia mema. Maana yake ni kwamba umewekwa penye majani, kwa hiyo kula, kesho utahamishwa. Naye mwananchi aliyesimama upande wa pili wa dirisha anaambiwa kwamba mkono mtupu haulambwi. Methali ya kwanza inamfundisha karani kula, ya pili inamfundisha mwananchi kulisha. Kati ya hizo mbili, mnyonge asiye na kitu anarudi nyumbani bila haki yake.

Baba alikuwa na jibu moja kwa watu wa methali hiyo. "Mimi si mbuzi," alikuwa akisema. "Mbuzi haulizwi hesabu jioni."

Jibu hilo lina Maandiko ndani yake. Katika 1 Wakorintho 4:2 Mtume Paulo anaeleza kwamba kinachotafutwa kwa wakili ni aonekane kuwa mwaminifu. Hapa wakili si yule wa mahakamani. Ni msimamizi aliyekabidhiwa mali ambayo si yake, na ambaye ataitwa siku moja aeleze alivyoitumia. Na Yethro alipomshauri Musa juu ya watu wa kumsaidia kazi, katika Kutoka 18:21, alitaja wenye uwezo, wamchao Mungu, watu wa kweli, wanaochukia mapato ya udhalimu. Tazama neno hilo, kuchukia. Yethro hakutosheka na mtu ambaye hapokei kwa sababu anaogopa kukamatwa. Alitaka mtu ambaye moyo wake unaikataa kabla mkono haujaletewa.

Mwaka ule ule baba alipoajiriwa, 1971, tume iliyoongozwa na Bw. Duncan Ndegwa ilitoa ripoti iliyofungua mlango kwa watumishi wa serikali kufanya biashara zao wakiwa bado kazini. Wenzake wengi walifungua maduka, wakanunua magari ya abiria na mashamba. Biashara si dhambi, na wako waliofanya kwa halali kabisa. Hatari ilikuwa pale mpaka ulipofifia, mtu anapoiuzia vitu ofisi ambayo yeye mwenyewe ndiye anayeidhinisha malipo. Baba naye alikuwa na kuku wa mayai nyumbani. Lakini alijiwekea sheria ambayo hakuna aliyemlazimisha kuiweka: hauzi kitu wala hanunui kitu kwa mtu ambaye karatasi yake iko mezani pake.

Sasa niwape mfano mmoja. Wenye umri wangu mnaukumbuka mwaka wa 1984, mvua ilipokosekana na mahindi yakaletwa kutoka ng'ambo, yale ya manjano. Baba alikuwa Kitui, akishika daftari la stoo ya mahindi ya msaada. Mimi na mama tulikuwa tumemtembelea likizoni. Jioni moja alikuja mzee wa kanisa alimokuwa akiabudu. Alikuwa mtu mwema, tena mwombaji. Kanisa lilikuwa na mkutano wa siku tatu na wageni walikuwa hawana chakula. Akaomba magunia mawili tu, kwa kazi ya Bwana.

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na nilijua jibu lingekuwa ndiyo. Nani amkatalie Mungu? Baba akamkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee wangu, kila gunia katika stoo ile lina jina la mtu kwenye daftari. Nikilitoa, tutakuwa tumemtolea Mungu sadaka ya mtu mwingine, na mwenyewe hajui." Akaingia chumbani, akatoka na kiasi cha pesa kutoka mshahara wake, akampa mzee anunue alichoweza. Mwezi huo tulikula sukuma wiki kuliko kawaida. Mama hakunung'unika, ingawa alihesabu.

Soma 2 Samweli 24:24. Daudi alikataa kumtolea Bwana sadaka ambayo haikumgharimu kitu. Wapendwa, jaribu gumu zaidi haliji likiwa na sura ya mwizi. Huja limevaa nguo za ndugu, za rafiki, wakati mwingine za kanisa. Kama mali ya umma haiwezi kuchukuliwa kwa ajili ya tumbo, haiwezi kuchukuliwa kwa ajili ya madhabahu pia.

2. Meza ya nyumbani

Turudi kwa Samweli. 1 Samweli 7:15-17 inatuambia kwamba kila mwaka alizunguka Betheli, Gilgali na Mispa akiamua watu, kisha akarudi Rama kwa kuwa nyumba yake ilikuwa huko. Mtumishi wa serikali yeyote anaielewa ratiba hiyo. Baba naye alikuwa na mzunguko wake: Kitui, Kwale, Nyandarua, Busia. Sisi tulibaki nyumbani Vihiga na mama, kwa sababu ya shule na shamba.

Tuwe waangalifu hapa tusimwonee Samweli. Eli alilaumiwa wazi na Mungu kwa sababu hakuwazuia wanawe (1 Samweli 3:13). Samweli hakuambiwa neno kama hilo. Mtoto aliyelelewa vizuri bado ana miguu yake na anaweza kuchagua njia yake. Mzazi mwenye mtoto aliyepotea asitoke katika somo hili akiwa amebeba mzigo ambao Biblia haikumtwika. Ninachosema ni hiki tu: kazi ya kuzunguka ina hatari yake, na baba mwenye busara huitafutia dawa.

Dawa ya baba ilikuwa karatasi. Kila mwisho wa mwezi ilikuja mani oda ya mama kupitia posta, na pamoja nayo barua. Barua ilikuwa na sehemu ya kila mtoto, jina limepigiwa mstari chini, kama faili za ofisi. Aliuliza maswali na alitaka majibu. Yule ndama alipona? Ulisoma mlango gani wa Biblia Jumapili? Kwa nini hesabu imeshuka na Kiswahili kimepanda? Tulipomjibu, alizirudisha barua zetu zikiwa zimesahihishwa kwa wino mwekundu! Tulicheka, wakati mwingine tulikasirika. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiri kwamba amesahaulika.

Jambo la pili ndilo ninalotaka mwende nalo nyumbani. Kila alipokuja likizo, usiku wa kwanza baada ya chakula, alitoa karatasi yake ya mshahara akaiweka mezani chini ya taa. Sisi watoto tukaitwa. Mkubwa anasoma tarakimu, anayemfuata anaandika, mdogo anajumlisha. Hiki ndicho serikali imenipa. Hili ni fungu la kumi. Huu ni mkopo wa chama cha ushirika. Hii ni karo. Hii ni ya mama. Hiki kilichobaki ndicho tutakachotumia hadi mwezi ujao. Kiasi kilichobaki kilikuwa kidogo, nasi tulikiona kwa macho yetu.

Nimefikiri sana juu ya meza ile. Watoto wengi hawajui baba yao analipwa kiasi gani. Sisi tulijua kila shilingi. Na kwa kuwa tulijua, kama siku moja angeingia kwa lango na gari jipya, sisi wenyewe tungekuwa wa kwanza kuuliza limetoka wapi. Samweli aliita mashahidi siku ya kustaafu. Baba aliwaweka mashahidi ndani ya nyumba yake tangu mwanzo, tena wengine walikuwa hawajaota meno yote.

Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ilipopitishwa mwaka wa 2003, watumishi wa umma walitakiwa kutangaza mapato, mali na madeni yao, pamoja na ya mume au mke na ya watoto walio chini ya miaka 18. Wengi waliingiwa na wasiwasi. Baba aliijaza fomu yake pale pale mezani, mbele yetu. Mama akamwambia, "Usisahau kuku." Akawaandika kuku. Serikali ilikuwa inauliza kwa mara ya kwanza yale ambayo nyumba yake ilikuwa imeyajua miaka yote.

Kumbukumbu la Torati 6:6-7 inatufundisha kwamba Neno tuwafundishe watoto tukiwa tumeketi nyumbani, tukienda njiani, tukilala na tukiamka. Si kwa mahubiri tu. Mtoto hujifunza uaminifu anapouona ukipigiwa hesabu.

3. Gharama ni ya kweli

Hapa naomba tusikimbie, kwa sababu sisi watu wa Roho tunapenda ushuhuda unaoisha vizuri. Mtu alikataa hongo, wiki iliyofuata Mungu akamfungulia mlango mkubwa, Haleluya! Mungu hufanya hivyo, nami nimeona. Lakini si kila mara, na anayefundisha watu waaminifu hana budi kuwaambia ukweli.

Baba alipostaafu mwaka wa 2004, malipo yake ya uzeeni yalikawia. Kila alipokwenda kuuliza aliambiwa faili haionekani. Alisafiri kwa basi la usiku mara nyingi, akakaa kwenye benchi, akarudi mikono mitupu. Wakati huo kitinda mimba wetu alikuwa kidato cha tatu na karo ilikuwa imeisha. Siku moja kijana mmoja wa ofisi ile alimvuta kando akamwambia kwamba faili yake ni nzito, inahitaji mafuta kidogo ndipo isonge. Alitaja shilingi elfu tano.

Baba alimjibu kwa upole. "Mwanangu, mimi nimekaa upande huo wa dirisha miaka 33. Sikumuuzia mtu faili yake hata siku moja. Yangu nayo sitainunua."

Faili ilikaa miezi 14. Mama aliuza ng'ombe wa maziwa. Ndugu yetu mdogo alikaa nyumbani mihula miwili, wenzake wakamtangulia, akarudia darasa na watoto aliokuwa amewazidi. Baadaye malipo yalitoka yote, na shule akaimaliza. Lakini mihula ile miwili hakuna aliyemrudishia.

Wakati wa matanga, tulipokuwa tumeketi sisi wa nyumba tu, ndugu yangu alisema jambo lililokuwa ndani yake miaka yote. "Elfu tano tu. Watu wote wanamsifu baba kwa msimamo wake, lakini msimamo ule mimi ndiye niliyeulipia."

Kimya kikawa kizito. Hakuna aliyemkemea, kwa maana alisema kweli, alilipa. Kisha mama, ambaye huwa haongei sana, akasema, "Mwanangu, baba yako hakukunyima karo. Aliyekunyima karo ni yule aliyeificha faili."

Wapendwa, nataka neno hilo la mama liingie ndani yetu sote. Tumezoea kumlaumu mwaminifu kwa ajili ya uovu wa mwingine. Mama mjamzito akicheleweshwa, tunasema mumewe angetoa tu kitu kidogo. Mzee akikosa hati ya shamba lake, tunasema ni mgumu, hajui dunia. Tunamhukumu aliyekataa kulisha, na aliyedai kulishwa tunamwacha apite, hata pengine tunamkaribisha atoe mchango mkubwa katika harambee. Isaya 5:20 inatoa ole kwa wale wanaouita uovu wema na wema uovu. Tunaweza kufanya hivyo bila kujua, kwa jinsi tu tunavyogawa lawama.

Na wewe uketiye upande wa ndani wa dirisha, nisikilize kwa upendo. Ile faili unayoiweka chini ya nyingine ili mwenyewe achoke, kuna mtoto ndani yake. Humwoni. Amevaa sare, amesimama kwenye lango la shule, na mlinzi anamwambia arudi nyumbani.

Je, ndugu yangu ameridhika na jibu la mama? Nilimwomba ruhusa ya kuandika haya, akanipa, akasema niandike pia kwamba bado anafikiri. Basi naandika hivyo. Waebrania 11 inatuambia juu ya watu walioshuhudiwa kwa imani yao ambao hawakuipokea ile ahadi katika siku zao. Kuna hesabu ambazo Mungu hajazifunga bado. Haki haiachi kuwa haki kwa sababu iliuma.

4. Tumkumbuke vipi mtu wa namna hii?

Katika Nehemia 5:14-19 kuna liwali aliyehudumu miaka 12. Watangulizi wake walikuwa wamewatoza watu chakula na divai, pamoja na shekeli 40 za fedha, na hata watumishi wao walijifanya mabwana juu ya watu. Nehemia alikuwa na haki ya posho ya liwali, lakini hakuichukua, kwa sababu alimcha Mungu na aliona mzigo wa watu ulikuwa mzito. Alishika kazi ya ukuta. Na kuna jambo dogo katika mstari wa 16 tusilipite: hawakununua shamba. Fikiria, watu walikuwa wameweka rehani mashamba yao kwa sababu ya njaa. Ardhi ilipatikana kwa bei ya chini, na liwali ndiye mwenye nguvu. Hakununua hata moja.

Mwishoni alimwomba Mungu amkumbuke kwa wema, kwa yote aliyowatendea watu wale. Hakuagiza jiwe la ukumbusho. Alitaka kumbukumbu yake iwe mahali ambapo daftari haliwezi kupotea.

Mtu mmoja alisema wakati wa matanga, nami nilisikia, kwamba mzee alikuwa mtu mzuri lakini hakuacha kitu. Hakusema kwa ubaya. Alitazama nyumba ya mabati, shamba la ekari mbili, kuku, akahesabu miaka 33, akaona hesabu hailingani. Mithali 20:7 inasema juu ya mwenye haki aendaye katika unyofu wake kwamba watoto wake wana heri baada yake. Basi heri hiyo iko wapi?

Niseme niliyoiona. Katika nchi hii mazishi mengine husimamishwa kwa sababu ya kesi ya shamba. Sisi tulimzika baba siku ile ile tuliyopanga. Hakuna aliyekuja na karatasi ya madai. Hakuna mjane aliyesimama nje ya lango kusema kwamba ekari zile zilikuwa za mume wake. Tulipofungua kabati lake tulikuta barua zetu zenye wino mwekundu na karatasi za mshahara zimefungwa kwa uzi, mwaka baada ya mwaka, na hakuna hata moja iliyotutia hofu. Mimi naweza kuingia katika ofisi yoyote katika wilaya zile nne alizofanya kazi, nikataja jina la baba yangu bila kuinamisha kichwa. Kama hicho si kitu, basi sijui kitu ni nini.

Tuyatende

Kwa watumishi wa umma: Sura ya Sita ya Katiba ya 2010 inahusu uongozi na uadilifu, lakini Katiba haiwezi kuketi nawe saa kumi na moja jioni wakati ofisi ni tupu. Jiwekee mipaka yako kabla ya jaribu kuja. Iandike. Mwambie mwenzako mmoja anayemcha Mungu akuulize kuihusu.

Kwa wazazi: Juma hili waite watoto wako mezani, uwaonyeshe pesa ya nyumba inatoka wapi na inakwenda wapi, kwa kadiri ya umri wao. Kama kuna shilingi ambayo huwezi kuieleza mbele yao, hapo Roho Mtakatifu amekwisha kusema nawe. Na kama unafanya kazi mbali, tafuta dawa ya umbali. Simu ipo, na ni rahisi kuliko mani oda.

Kwa ndugu na jamaa: Acheni kumuuliza aliye serikalini kwa nini bado anajenga kwa mabati. Swali hilo limewasukuma wengi shimoni. Mwulize badala yake kama analala usingizi vizuri.

Kwa kanisa: Tusimpe kiti cha mbele mtu kwa ukubwa wa mchango wake tu. Na aliyecheleweshwa kwa sababu alikataa kutoa hongo, tusimwache abebe peke yake. Karo ya mtoto kama huyo ni sadaka halali.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Samweli angestaafu leo katika ofisi yako na kuuliza maswali yake, wewe ungeyajibu vipi kwa upande wako?
2. Ni methali au misemo gani mnayoisikia kazini inayohalalisha hongo? Neno la Mungu linaijibu vipi?
3. Ndugu wa mwandishi alisema yeye ndiye aliyelipia msimamo wa baba yake. Mama akajibu. Ninyi mngemwambia nini?
4. Je, watoto wetu wanajua kazi yetu na mapato yetu? Ni nini kinachotuzuia kuwaonyesha?
5. Nehemia aliacha hata posho iliyokuwa haki yake. Ni wakati gani Mkristo anapaswa kuacha hata haki yake kwa ajili ya watu?

Tuombe

Baba yetu wa mbinguni, tunakushukuru kwa wazazi waliotangulia, waliofanya kazi zao bila makuu na kurudi nyumbani na mikono safi. Wakumbuke kwa wema. Uwatie nguvu walio kazini leo, wanaobanwa na wakubwa, na ndugu, na madeni. Uwaguse wanaoficha faili za wanyonge, watubu na kurudisha. Uwaponye watoto waliolipa gharama ya uaminifu wa wazazi wao, na ukaifunge hesabu yao wewe mwenyewe kwa wakati wako. Utupe meza ambazo hatuogopi kuwashiwa taa. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.